Udongo Usio na Chumvi

Haya yalimpata Lamtu, mlinzi wa msitu, ambaye nyumba yake iko mkono wa kushoto ukitoka kisimani, hapa kwetu Kukrapani. Wengine watakusimulia kwa namna yao, maana siku hizi kila mtu anajifanya alikuwepo. Mimi nasimulia kama alivyonieleza yeye mwenyewe, akiwa hajalewa.

Asubuhi yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa. Lamtu alikunywa uji wake wa kodo, ile nafaka yetu ndogo kama ulezi, akavaa shati la kaki la serikali lililobakiwa na kifungo kimoja, akatundika shoka begani kama afanyavyo mtu yeyote wa kabila letu la Wabaiga anayejiheshimu, akatoka kwenda doria. Miti ya mahua ilikuwa imeanza kuangusha maua. Msimu huo watu wetu hawana usingizi. Kukipambazuka tu kila mwanamke yuko chini ya mti wake anaokota, kwa kuwa maua yale ndiyo chakula, ndiyo pombe, ndiyo chumvi na nguo za watoto.

Tatizo ni kwamba miti ya maana ilibaki ndani ya hifadhi. Miaka kumi na miwili iliyopita tulitolewa kijiji cha zamani, tukaambiwa msitu sasa ni wa chui milia. Wakapanga mawe yaliyopakwa chokaa kutoka mtoni hadi kilimani: huku kwenu, kule kwake. Mti wa babu yake Lamtu, ambao kwa asubuhi moja ulikuwa ukijaza makapu sita, uko kule, mwendo wa nusu saa kutoka kwenye mawe. Ukikamatwa chini ya mti wa babu yako mwenyewe, wewe ni mwizi.

Titru, kaka yake Lamtu, alikuwa anamsubiri kisimani na kapu tupu.

"Bwana mdogo, leo Mwenyewe yuko wapi?"

Sisi hatumtaji chui milia kwa jina tukiwa karibu na msitu. Tunasema Mwenyewe. Na kama kuna mtu aliyemjua Mwenyewe wa upande ule, basi ni Lamtu. Dume yule alikuja kutoka ng'ambo ya mto miaka miwili nyuma. Akapigana na dume mzee aliyekuwepo, akamfukuza. Akaua watoto wawili wa jike wa korongoni, ili jike apate mimba yake yeye. Kisha akaanza kuzunguka mipaka yake kama mkaguzi, kila mti wa njiani akiukojolea, kila gogo akilipiga makucha. Mzunguko mmoja ulimchukua siku tano. Lamtu aliupima kwa nyayo, akauandika kwenye daftari la ofisi, na Bwana Misitu, mkubwa wake kazini, akamsifu mbele ya wageni. Sifa zile zilimpanda kichwani, na mimi nasema ndizo zilizomuua Titru.

"Juzi kapita korongo la Sarai," Lamtu akajibu, akijidai. "Harudi mpaka keshokutwa. Nenda, okota, utoke jua halijakomaa. Zamu ya huko ni yangu, nitajifanya sikuoni."

"Hilo huna haja ya kujifanya. Tangu utoto huoni."

Dhanmati, mke wa Titru, alikuwa anateka maji pale pale. "Shemeji," akasema, "mume wangu akichelewa, uji wa leo utapika wewe."

"Nikipika mimi utamwacha kaka unifuate."

"Nikufuate wewe? Mwanamume mwenye kifungo kimoja?"

Wakacheka wote watatu. Kwetu mke wa kaka na mdogo wa mumewe hutaniana hivyo mpaka meno yaishe, na hakuna anayenuna. Titru akajitwika kapu, akavuka mawe ya chokaa huku anapiga mluzi.

Kuna jambo moja ambalo Lamtu hakulijua. Usiku uliotangulia, dume mgeni alikuwa ameingia kutoka kaskazini na kukojoa juu ya alama za Mwenyewe. Mwenyewe akaisikia harufu ile akiwa mbali, akakatiza mzunguko wake, akarudi kwa hasira. Na mkojo wa dume, kama hujui, hunukia kama wali mpya unaotokota. Maua ya mahua nayo hunukia hivyo hivyo. Msimu mwingine wowote Titru angenusa, angesimama, angerudi kinyumenyume. Siku ile pua yake ilimwambia ni maua.

Lamtu alimkuta saa tatu asubuhi, chini ya mti wa babu. Kapu lilikuwa limejaa nusu. Nyani wa uso mweusi walikuwa wamenyamaza juu ya matawi, wanatazama chini. Udongo ulikuwa umelowa damu kiasi kwamba ulinata kwenye nyayo zake. Mwenyewe hakuwa amemla. Alimuua tu, kama mtu anayemfukuza mvamizi shambani, akaenda zake.

Sasa sikia alichofanya. Hakulia kwanza. Aliwaza kazi. Aliwaza: kaka yangu amefia ndani ya mawe, zamu ni yangu, ruhusa nilimpa mimi, na daftari lenye siku tano ni la mwandiko wangu. Akambeba mgongoni. Alipochoka akamshusha, akamburuta. Akamvusha mawe ya chokaa, akamweka hatua ishirini upande wetu, kwenye kichaka cha mtendu, mti ambao majani yake tunasokotea sigara. Akarudi kufuata kapu. Akafuta njia kwa tawi lenye majani, akanawa kijitoni. Ndipo akapiga yowe.

Ninamhukumu? Ndiyo, ninamhukumu. Na yeye anajua.

Bwana Misitu alifika na gari, akapima kwa utepe, akaandika kwamba marehemu alikutwa na mnyama nje ya mpaka. Aliyetumwa kusoma nyayo za mnyama alikuwa Lamtu mwenyewe. Alisoma vizuri, hakuna aliyemshuku.

Lakini maiti ni jambo moja na mtu ni jambo lingine. Kwetu, aliyeuawa na Mwenyewe hazikwi akaisha. Hukaa kichwani mwa Mwenyewe, juu kidogo ya macho, akimwonyesha njia. Anamwonyesha njia za watu anaowajua, akianza na aliowapenda. Hana ubaya moyoni. Ana upweke tu. Ili ashuke, lazima uchukuliwe udongo wenye damu yake, kutoka pale pale alipoanguka, siku ya pili isipite.

Kazi hiyo ni ya mganga wetu, Phaglu. Kesho yake asubuhi wanaume walikusanyika kwenye kichaka cha mtendu. Phaglu akamwambia Lamtu, kwa kuwa ndiye ndugu, achote udongo. Lamtu akachota. Phaglu akaufinyanga ukawa kama mtu mdogo, akauweka chini, akapiga magoti na mikono chini, akaanza kunguruma na kunyata. Akaruka. Akaudaka ule udongo kwa meno. Hapo ndipo mtu hutakiwa kumpiga mganga mgongoni, kuonyesha kwamba mnyama amekufa, naye aachie.

Mtu alimpiga mgongoni. Phaglu hakuachia. Alibaki pale kwa magoti na mikono, taya zikisogea polepole, kama anayetafuna. Kisha akatema.

"Udongo huu hauna chumvi," alisema.

Watu wakatazamana. Phaglu akamgeukia Lamtu. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kaka yako alifia hapa?"

"Hapa, baba."

"Damu ilimwagika hapa?"

"Hapa."

Phaglu akamaliza ibada kwa sababu watu walikuwa wanasubiri. Wakamleta kifaranga aliyepakwa rangi nyekundu kichwani, yule anayeachiwa aingie msituni na Mwenyewe akaambiwa: chukua huyu, uende kwako. Kifaranga aliachiwa. Alitembea hatua chache kuelekea mawe meupe, akasimama, akageuka. Akarudi mpaka kwenye miguu ya Lamtu, akalala hapo.

Siku ya nne harufu ilianza. Lamtu aliamka akasikia wali unapikwa. Yeye ni mgane, jiko lake lilikuwa na uji wa kodo wa jana, na wali kwetu ni wa sikukuu. Akatoka nje. Nguzo ya mlango ilikuwa imelowa, kutoka usawa wa kifua kwenda chini.

Alizunguka kijiji kutafuta nyayo. Alizipata. Zilikuwa za dume yule yule, anazijua, kidole cha tatu cha mguu wa nyuma kimekaa upande. Zilitoka kwenye mawe, zikaingia kijijini, zikapita kwenye mbuzi wa jirani yetu Bisru bila kugusa mbuzi. Zilikwenda mpaka nyumba ya mama muuza pombe, zikasimama mlangoni. Zikaenda kwa kinyozi, zikasimama. Zikaenda kwenye kisiki nyuma ya kisima, mahali Titru alipokuwa akikaa jioni kuvuta sigara zake za majani. Pale vumbi lilikuwa limelaliwa.

Hakuwa anawinda. Alikuwa anatembelea watu.

Lamtu alifuta nyayo zile kwa mguu wake, zote, kabla watu hawajaamka. Alishaizoea kazi hiyo.

Mzunguko wa siku tano ukavunjika. Akawa anakuja kila baada ya siku mbili. Halafu kila siku. Na mpaka wake wa zamani, ule Lamtu alioupima, ukahama. Miti aliyoiwekea alama sasa ilikuwa yetu: mkwaju wa shule, nguzo ya bomba la maji, mwembe wa Bisru. Kijiji kizima kikawa ndani ya himaya yake.

Unaweza kuuliza kwa nini Lamtu hakusema. Kwanza ilikuwa kazi. Baadaye ilikuwa Dhanmati. Desturi yetu inasema mjane akipenda anaingia nyumba ya mdogo wa mumewe, na wazee walikwishaanza kulizungumza. Dhanmati hakukataa. Alianza kumletea uji jioni, anauweka kizingitini, anauliza kama amekula. Mara moja alimshonea vifungo. Ilikuwa imepita miaka sita Lamtu hajaulizwa na mtu kama amekula. Akajiambia atasema kesho. Kesho ikifika, anaona bakuli mlangoni, anajiambia keshokutwa.

Siku ya kumi na mbili, mchana kweupe, jua la utosini, Dhanmati alikuja bila bakuli. Alisimama mlangoni. Alisema kwa kunong'ona, ingawa hapakuwa na mtu karibu.

"Shemeji. Titru kaniita."

"Wapi?"

"Kwenye mawe. Nilikuwa natafuta kuni. Kasema, lete kapu lingine, hili limejaa."

"Umeitika?"

Dhanmati alitazama chini. "Mtu akiitwa na mumewe anafanya nini?"

Kwetu hata mtoto mdogo anajua hilo: sauti ikitoka msituni huitiki, hata ikiwa ya mama yako.

"Usirudi huko. Umenisikia? Kaa ndani."

"Kuna kitu sielewi," alisema Dhanmati. "Anasema niende mti wa babu. Mbona ananiita kule? Titru kafia huku, kwenye mtendu. Mbona yuko kule?"

Lamtu aligeukia ukuta.

"Shemeji. Mbona yuko kule?"

Basi akamwambia. Alimwambia yote, amesimama, anatazama ukuta. Dhanmati alisikiliza mpaka mwisho. Hakupiga kelele wala hakumkamata shati. Zile chale za bluu za wanawake wetu kwenye paji la uso wake hazikusogea.

"Alikuwa mzima ulipomkuta?"

"Hapana. Naapa."

"Ulimbeba au ulimburuta?"

"Nilimbeba. Halafu nikachoka."

"Ukamburuta."

"Nikamburuta."

"Uso juu, au uso chini?"

Lamtu aliniambia kwamba amejibu maswali mengi maishani, ya polisi, ya ofisi, ya wageni wenye kamera. Hilo moja lilimshinda. Dhanmati akasema, "Siku kumi na mbili nimelilia udongo mtupu. Na bado nikakupikia." Akageuka akaenda kwake.

Lamtu alikimbia kwa Phaglu. Alimkuta anasuka kapu. Hakuwa amemaliza sentensi ya kwanza, Phaglu akamkatiza.

"Nilijua. Meno yangu yalijua. Nilikuwa nangoja kinywa chako."

"Baba, tufanye sasa. Mimi nakuonyesha mahali."

"Sasa? Siku zilishapita, mvua ya juzi ilishapita. Pengine udongo bado umeshika damu, pengine haujashika. Nahitaji nguruwe wa kafara, nahitaji watu." Akatupa kapu chini. "Yule mwanamke ameitika?"

"Ameitika."

Phaglu alisimama haraka kuliko umri wake. "Yuko wapi?"

Nyumba ya Dhanmati ilikuwa wazi. Moto ulikuwa bado unawaka jikoni. Maji yalikuwa yanachemka, hayajatiwa kitu. Kapu kubwa la mahua halikuwepo kwenye kigingi chake.

Na nyumba nzima ilinukia wali.

Walikimbia wawili tu, kwa sababu kila waliyemwomba alikumbuka shughuli nyumbani kwake. Walivuka mawe. Jua lilikuwa kali, kivuli hakuna, majani makavu yanalia chini ya miguu. Ndege hawakulia. Swala hawakulia. Lamtu anasema hilo ndilo lililomtisha zaidi. Mwenyewe akipita, msitu mzima hupiga kelele. Siku ile alipita na msitu haukusema neno.

Lamtu alisoma nyayo za Dhanmati huku anakimbia. Miguu mitupu. Hatua za kawaida. Hakukimbia wala hakusita. Alikuwa anatembea kama mtu anayekwenda kazini.

Walifika mti wa babu.

Nyayo za Dhanmati zilikuja mpaka chini ya mti kutoka upande huu. Nyayo za Mwenyewe zilikuja kutoka upande ule. Zikakutana. Hapo nyayo za Dhanmati zikaisha. Nyayo za Mwenyewe ziliendelea kuelekea korongoni, hizo tu. Ila zilikuwa zimezama. Zilipokuja zilikuwa nyepesi, unene wa kucha. Zilipoondoka zilikuwa na kina cha kidole kizima.

Hapakuwa na alama ya kuburuta. Hapakuwa na uzi wa sari, bangili wala unywele. Hapakuwa na tone la damu.

Phaglu alipiga magoti. Alichota udongo akaulamba. Akasogea, akachota, akaulamba. Alizunguka mti mzima hivyo, hata pale Titru alipoanguka, mpaka midomo yake ikawa myeusi na machozi yanamtoka.

"Hakuna," Phaglu alinong'ona. "Si wa kaka yako, si wa huyu. Bila chumvi ya damu simshushi mtu."

Lamtu alikwenda ofisini siku ile ile, jasho halijakauka. Alisema kila kitu: ruhusa, mti, mawe, tawi alilofutia njia. Alitaka afukuzwe. Alitaka apigwe, afungwe, chochote. Bwana Misitu alimsikiliza, akafunga daftari. "Jalada la kaka yako limefungwa," alisema. "Unataka niandike kwamba nilidanganywa na mlinzi wangu? Na huyo mwanamke hana maiti, hana damu. Ametoroka, wanatoroka kila siku kwenda kwenye matanuri ya matofali. Nenda kazini." Kazi aliyomtupia kaka yake vichakani ili asiipoteze, hata alipotaka kuipoteza hakuweza. Bado anayo mpaka leo.

Kijijini tulisema mengi. Wapo waliosema ametoroka kweli, na mimi nilikuwa mmoja wao, maana ni rahisi kulala ukiamini hivyo. Mwenyewe hakuingia tena kijijini. Miti yetu haikulowa tena.

Msimu uliofuata wa mahua, Lamtu alipita doria chini ya mti wa babu. Sehemu yote ya ndani ni marufuku, hakuna mwanamke anayethubutu kufika. Lakini chini ya mti palikuwa pamefagiliwa, majani makavu yamesukumwa pembeni, kama wanavyofagia wake zetu ili maua yasichanganyike na takataka. Maua yalikuwa yameokotwa na kuwekwa mafungu mawili, moja kubwa na moja dogo kidogo, yamekaa jirani. Pande zote kulikuwa na nyayo za dume yule, zilizozama. Nyayo za mtu hazikuwepo.

Aliwaambia wenzake wa doria wapige picha. Walisema ni nyani.

Mwaka huu amenichukua mimi nikaone, kwa sababu nilikuwa namcheka. Tulifika saa nne asubuhi, upepo hakuna. Mafungu yalikuwa mawili, mabichi, ya asubuhi ile. Kando yao palikuwa pamefagiliwa mahali pa tatu, padogo, pa mviringo, safi kabisa. Hapakuwa na kitu bado. Nilimwambia Lamtu tuondoke, akaniambia nitangulie, yeye pale pa tatu anapajua ni pa nani.